Uzi: Tunakodi nyumba ya ufukweni watu 14, na safari hii sitaki kurudia ya mwaka jana

Mshika_Daftari
Wakuu, habari za saa hizi.

Nitaeleza kirefu kidogo, mnivumilie. Mwaka jana kundi letu lilikodi nyumba ya mapumziko ufukweni, siku nne, na mimi ndiye niliyeshika daftari. Tangazo lilisema "inalala watu 14", na sisi kwenye orodha tulikuwa 14, nikaona mambo yamejipa yenyewe. Picha ya kwanza ilikuwa ya baraza lenye viti viwili vya kujilaza, mbele yake maji ya buluu. Picha zilizobaki nilizipitisha kwa kidole tu. Nani atakodolea macho picha ya choo wakati kuna picha ya bahari?

Tulifika saa kumi jioni, watu 12, maana wawili walishajitoa. Kila mtu akataka kuoga kwanza. Wa tisa alitoka bafuni na povu kichwani, taulo kalishika kwa mkono mmoja, anauliza nani kafunga maji. Hakuna aliyefunga. Msimamizi akaja na tochi, akaligonga tenki kwa ngumi, likalia kama debe. Akasema pampu hujaza usiku, tuvute subira hadi asubuhi. Vyoo viwili, watu 12, maji hakuna. Mengine naomba nisisimulie.

Na hiyo ilikuwa sehemu nafuu. Wale wawili walijitoa siku tatu kabla ya safari. Mmoja alifiwa, huyo hana lawama. Mwingine alisema tu "mambo yamebana". Nyumba nilishailipia yote kutoka mfukoni kwangu nikitarajia kukusanya taratibu. Fungu la huyo wa pili mpaka leo limeandikwa ukurasa wa nyuma wa daftari, na tunasalimiana vizuri tu.

Juzi grupu limeanza tena: "Kaka mkubwa, panga kama mwaka jana." Kama mwaka jana! Nimepata nyumba mbili.

Nyumba A iko mchangani kabisa. Unashuka ngazi nne unakanyaga mchanga. Vyumba 4, mabafu 2, "inalala 14".

Nyumba B tangazo linasema ni dakika tano kutoka ufukweni. Vyumba 5, mabafu 4, ua mkubwa wenye miti. Bahari huioni labda upande juu ya tenki.

Bei zinakaribiana. Grupu zima linataka A. Mimi moyo unaelekea B, ila nikisema nitaambiwa naharibu raha. Mnashaurije?

Natia_Nanga
Natia nanga hapa, nasi tuna safari kama hiyo mwezi ujao.

Kiti_cha_Mbele
A bila kufikiri. Mtu anaenda bahari, haendi bafuni. Ukitaka mabafu manne si ubaki nyumbani kwako tu.

Fundi_Bomba
Mkuu Mshika_Daftari, pole. Ngoja nikufanyie hesabu ambayo ungeifanya mwaka jana usingemwona mtu na povu kichwani.

Bomba la mvua la kawaida linatoa kama lita 9 kwa dakika. Mtu akioga dakika tano, hizo ni lita 45. Pwani watu wanaoga mara mbili kwa uchache: wakitoka majini na kabla ya kulala. Watu 14 mara mbili mara 45 ni lita 1,260. Hujapika, hujaosha vyombo, hujavuta choo hata kimoja, na choo cha tenki kinakula lita 6 hadi 9 kila kikivutwa. Sasa tenki jeusi la kawaida unaloliona juu ya nyumba nyingi ni la lita 1,000. Unaona limekwishaje kwa watu tisa? Sitashangaa kama lilikuwa nusu mlipofika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye nyumba siyo "kuna maji?" Atakujibu yapo, na hatakuwa amesema uongo. Muulize tenki ni la lita ngapi, linajazwa na nini, na umeme ukikatika pampu inaendaje. Akijibu kwa namba, endelea naye. Akijibu "maji hayajawahi kuwa shida", hiyo shida umeshaipata.

Halafu muulize kama ni maji ya kisima. Kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa sana, maji ya chumvi hupenya chini kwa chini yakaingia kisimani. Hayaui mtu kwa kuoga, ila sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa kama katani, na chai utajua mwenyewe. Mnabeba maji ya kunywa na ya kupikia.

Kiti_cha_Mbele
Hizi hesabu zinachosha, watu wanaweza kuoga bahari.

Fundi_Bomba
Ndugu, ukitoka baharini ndipo unapohitaji kuoga.

Mtunza_Funguo
Nimesoma nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwa msimamizi wa nyumba za namna hii miaka sita, za wenye nyumba tofauti. Nitasema yale ambayo wageni hawakuwahi kuniuliza.

"Inalala 14" ni hesabu ya vitanda, siyo ya watu kuishi. Na vitanda wanavihesabu kwa ukarimu sana. Kitanda kikubwa kimoja ni watu wawili, hata kama kundi lenu ni la watu wasiofahamiana kiasi hicho. Kochi la kukunjua ni wawili. Godoro lililo nyuma ya mlango ni mmoja. Nyumba moja niliyoisimamia ilikuwa "ya watu 12", lakini meza ya kulia ilikuwa na viti sita na sufuria kubwa kuliko zote haikutosha watu wanane. Wageni walikula kwa zamu siku zote tatu. Kwa hiyo omba orodha ya kila chumba: kitanda gani, upana gani, mlango unafungwa au ni pazia. Kisha uliza viti vya mezani viko vingapi. Idadi ya viti huwa inasema ukweli kuliko idadi ya vitanda, maana viti havinunuliwi kwa ajili ya tangazo.

Pili, maneno. "Mbele ya bahari", "inaona bahari" na "karibu na bahari" ni vitu vitatu tofauti, na sisi tulikuwa tunavichagua kwa makusudi. Inayoona bahari inaweza kuwa juu ya mwamba usiokuwa na njia ya kushukia. Na "dakika tano" ya Nyumba B, uliza kwa mguu au kwa gari? Mtu mzima kwa mguu dakika tano anakwenda kama mita 400. Gari kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa linakwenda zaidi ya kilomita tatu. Ramani pekee isikudanganye. Mstari wa ramani unapita juu ya kuta za watu, wewe utazunguka.

Tatu, picha. Zile picha hupigwa siku nyumba inafunguliwa, rangi haijakauka. Baada ya hapo hewa ya chumvi inafanya kazi usiku na mchana: vitasa, bawaba, friji, kiyoyozi, vyote vinakula kutu. Nyumba ya mchangani inachakaa kuliko iliyo nyuma. Nimeshawahi kumtoa mgeni chumbani kupitia dirishani kwa sababu kitasa kilimwachia mkononi. Mwambie mwenye nyumba akupigie simu ya video, atembee nayo, siyo akutumie video. Mwombe afungue bomba la kila bafu, afungue friji, avute choo. Anayekataa dakika kumi za simu ya video ana sababu.

Nne, hili ni la usalama wa pesa. Mtu akiwa na tangazo kwenye tovuti, halafu akakwambia "tulipane pembeni nikupunguzie", umetoka kwenye ulinzi wote wa tovuti. Wengine nyumba hata siyo yao, picha wamezichota mahali. Chukua picha ya tangazo uitafute intaneti kwa picha, ukiikuta kwenye matangazo matatu yenye miji mitatu, funga ukurasa.

Natia_Nanga
Mtunza_Funguo umenena. Hapo kwenye viti nimeandika pembeni.

Bi_Hesabu
Nyote mnaongelea nyumba. Shida ya kaka Mshika_Daftari mwaka jana kubwa ilikuwa pesa, na nyumba nzuri haitamponya.

Mimi nimepanga safari za kundi la kazini mara saba. Kanuni yangu: jina haliingii kwenye orodha kwa "nipo", linaingia kwa malipo. Kwenye grupu watu 14 watasema nipo ndani ya dakika kumi. Hao siyo wasafiri, hao ni wapenzi wa wazo.

Nyumba unaigawa kwa idadi ndogo kuliko waliosema nipo. Wamesema 14, wewe gawa kwa 11. Wakitokea 14 kweli, kilichozidi kinaingia mfuko wa chakula na hakuna atakayelalamika. Ukigawa kwa 14 wakatokea 11, unapita mlango hadi mlango ukiomba nyongeza kama mchangishaji.

Halafu tazama tarehe ya mwisho ya kughairi. Mwenye nyumba akisema mkighairi siku 30 kabla mnarudishiwa pesa yote, nyie tarehe yenu ya mwisho ya kulipa iwe siku 40 kabla. Siku hizo kumi ndizo za kuamua: tumetimia, au tunatafuta nyumba ndogo, au tunaacha. Kaka mwaka jana ulilipa kwanza ukakusanya baadaye. Hapo hukuwa mweka hazina, ulikuwa mkopeshaji asiye na riba.

Na anayejitoa baada ya tarehe hiyo alete mtu wa kuziba nafasi yake, au fungu lake limebaki. Liandike kabla, kila mtu alisome, aliyefiwa mtamsamehe kwa hiari yenu.

Dipoziti ya uharibifu ikusanywe peke yake, isichanganywe na kodi ya nyumba, maana hiyo inarudi na watu huikumbuka.

Mshika_Daftari
Dada Bi_Hesabu, "mkopeshaji asiye na riba" imenichoma. Swali moja: kila mtu alipe sawa? Mwaka jana wanandoa wawili walichukua vyumba vyenye bafu ndani, vijana watatu wakalala sebuleni, na wote walilipa sawa. Kelele ndogo ndogo zilikuwepo.

Bi_Hesabu
Gawa kwa mafungu badala ya vichwa. Mfano una watu wanne kwenye vyumba vyenye bafu ndani, kila mmoja fungu moja na robo: jumla 5. Wanane vyumba vya kawaida, fungu moja moja: 8. Wawili kwenye kochi, nusu nusu: 1. Jumla mafungu 14. Bei ya nyumba gawanya kwa 14, umemaliza. Wa kochi akilipa nusu utaona kochi linagombewa.

Zamu_kwa_Zamu
Napinga. Hizo robo na nusu zinafanya watu waanze kuhesabiana hata mayai. Sisi wote tunalipa sawa, tukifika tunaandika vyumba kwenye vikaratasi tunavikunja, kila mtu anachota. Usiku wa pili tunabadilishana na wa sebuleni. Hakuna wa kumnunia, utainunia kofia iliyobeba vikaratasi?

Bi_Hesabu
Kwa vijana sawa. Ukiwa na mama wa miaka 60 kwenye kundi, utamchotesha kikaratasi cha kochi?

Zamu_kwa_Zamu
Hapo umenibana.

Mvuvi_Mstaafu
Wanangu, salaam. Nimesoma habari ya ngazi nne na mchanga. Mshika_Daftari, safari yenu ni tarehe gani kwa mwezi wa angani?

Mshika_Daftari
Shikamoo mzee. Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu. Nimeangalia: tunafika siku mwezi unapokuwa mpevu.

Mvuvi_Mstaafu
Marahaba. Basi mnaingia kwenye bamvua. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiwa mwandamo, bahari hujaa sana na kupwa sana, na siku moja au mbili baada yake ndipo inapozidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Wapangaji wa nyumba hawalitazami hili, wanatazama mvua tu.

Sasa nyumba ya ngazi nne. Maji yakijaa ya bamvua huenda yakafika ngazi ya kwanza au ya pili. Huo mchanga mnaoulipia hautakuwepo. Saa sita hivi baadaye yamekupwa, na kama pwani hiyo ni tambarare bahari imekwenda mbali, mtatembea juu ya mawe na mwani kuifuata. Penye mteremko mkali haiendi mbali hivyo. Inategemea pwani yenyewe, ndiyo maana muulize mwenye nyumba: maji ya bamvua yanafika wapi? Mwombe picha ya wakati wa kujaa na ya wakati wa kupwa. Picha ya tangazo ilipigwa saa ile iliyo nzuri.

Na msipange kuogelea kwa saa za ukutani. Kwa pwani zilizo nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku na kila kukicha yanachelewa kama dakika 50. Leo yakijaa saa nne asubuhi, yatakupwa saa kumi na dakika kumi hivi jioni, na kesho yatajaa saa tano kasoro dakika kumi. Jedwali la maji kujaa na kupwa linapatikana bure. Lichapisheni mlibandike kwenye friji.

Moja la mwisho, maana kundi likiwa kubwa kila mtu hudhani mwenzake anawatazama walio majini. Ukiona mawimbi yanavunjika huku na huku, na katikati pana uchochoro umetulia, maji yake meusi meusi, usione hapo ndipo pa salama. Huo mara nyingi ni mkondo unaorudi nje. Ukikukamata usishindane nao kuja pwani, utachoka. Ogelea kwa ubavu, sambamba na pwani, mpaka utoke kwenye njia yake, ndipo urudi. Ukishindwa, elea na upunge mkono.

Fundi_Bomba
Mzee, heshima yako. Hilo la ngazi sikuliwaza kabisa.

Kiti_cha_Mbele
Kwa hiyo A ndiyo imekufa hivyo? Yaani tumsikilize mwezi?

Mshika_Daftari
Kiti_cha_Mbele, ile sentensi yako ya "mtu anaenda bahari, haendi bafuni" nimeisoma leo asubuhi kwenye grupu letu, neno kwa neno. Ni wewe, mdogo wangu?

Kiti_cha_Mbele
Dunia kijiji kaka.

Natia_Nanga
Hahahaha! Uzi umenoga.

Mama_Mapacha
Samahani nawarudisha kwenye mada. Kuna watoto kwenye kundi? Kama wapo, ngazi zinazoshuka majini bila geti ni kazi ya ulinzi siku nne, mama mmoja hatapumzika hata dakika. Sisi mwaka juzi nilikaa juu ya ngazi kama askari huku wenzangu wanapiga picha. Hata B uliza kama pana dimbwi la kuogelea na kama limezungushiwa uzio. Na chumba cha watoto kisipakane na sebule, la sivyo ama wao hawalali ama nyie hamwongei.

Jingine: umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, hakikisha iko nje mbali na madirisha. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini. Jiko la mkaa vivyo hivyo, lisiingizwe ndani usiku kwa kisingizio cha upepo.

Mshika_Daftari
Wapo wanne, dada. Mkubwa ana miaka saba.

Mama_Mapacha
Basi mimi jibu langu unalijua.

Mshika_Daftari
Wakuu, mrejesho. Leo nimepiga simu za video zote mbili.

Mwenye Nyumba A alikuwa mchangamfu, akanionyesha baraza dakika nne nzima. Nikamwomba bafu. Bafu la kwanza safi. La pili akasimama mlangoni, nikamwomba afungue bomba, akasema bomba hilo fundi anakuja wiki ijayo. Kwa hiyo mabafu mawili ni moja. Tenki, akasema "maji hayajawahi kuwa shida". Fundi_Bomba nilikukumbuka nikauma mdomo nisicheke. Nilipouliza bamvua inafika wapi, akanyamaza kidogo, kisha akasema inafika kwenye ngazi "lakini inapendeza sana kutazama".

Nyumba B aliyepokea ni msimamizi, siyo mwenye nyumba. Mtu wa maneno machache. Tenki mbili, lita 5,000 kwa jumla, moja ya kisima na nyingine ya maji ya bomba kwa jikoni. Mabafu manne yote aliyafungua, moja halina maji ya moto na alilisema kabla sijauliza. Viti vya mezani 10, na benchi la nje. Dakika tano ni kwa mguu: akatoka getini na simu mkononi akatembea nayo mpaka nikaona mchanga. Nilimpigia saa, dakika sita na nusu. Njia ina sehemu moja ya barabara ya kuvuka.

Sasa nawaambiaje grupu?

Mtunza_Funguo
Huyo aliyesema bafu halina maji ya moto kabla hujauliza, mshike. Nilifanya kazi hiyo miaka sita, najua anayesema ubovu mapema ndiye atakayepokea simu saa nane usiku. Ila muulize kanuni za nyumba kabla ya kulipa: wageni wa mchana wanaruhusiwa, muziki mwisho saa ngapi. Kundi la watu 14 linaonekana sherehe hata likiwa limekaa kimya. Airbnb, ile tovuti ya kukodi nyumba, kwa mfano, ilipiga marufuku sherehe kwenye nyumba zake mwaka 2020 na mwaka 2022 ikaifanya kuwa kanuni ya kudumu, na wenye nyumba wengine wameandika kanuni kama hiyo. Kuanzia Aprili 2024 pia hairuhusu kamera ndani ya nyumba hata sebuleni, kwa hiyo ukikodi nje ya tovuti kama hizo uliza kamera ziko wapi.

Siku ya kufika, kabla mtu hajaweka begi, pita nyumba nzima ukipiga video, ukitaja kwa sauti kila ufa na kila doa. Mtumie msimamizi hapo hapo.

Bi_Hesabu
Grupu usiliombe ushauri tena. Wape B, bei ya fungu, na tarehe. Wanaotaka A wapange wao safari ya A. Utaona hakuna atakayeshika daftari.

Kiti_cha_Mbele
Kaka, mimi nitakuwa kwenye kochi nilipe nusu. Nimesoma hesabu ya dada hapo juu.

Mshika_Daftari
Nusu ya mwaka huu, au na ya mwaka jana?

Natia_Nanga
Eeeh! Kumbe ndiye yeye wa "mambo yamebana"?

Zamu_kwa_Zamu
Ukurasa wa nyuma umejitokeza wenyewe.

Mshika_Daftari
Wakuu, narudi baada ya wiki saba. Tulikwenda B, tumerudi jana.

Waliolipa kabla ya tarehe walikuwa 12 kati ya 14 waliosema nipo, nami niligawa kwa mafungu 11, kwa hiyo mfuko wa chakula ulikuwa na nguvu. Siku ya kwanza njia ya kwenda ufukweni ililalamikiwa sana, hasa na waliobeba boksi la barafu. Siku ya pili mtu mmoja alipata toroli la bustani nyuma ya nyumba, watoto wawili wakapandishwa juu pamoja na boksi, na malalamiko yakaisha. Jedwali la mzee Mvuvi tulilibandika kwenye friji. Saa tano asubuhi ya siku ya tatu tulikwenda na watoto maji yamekupwa, tukatembea mbali mpaka nyumba zikawa ndogo nyuma yetu, wakaokota kaa wadogo kwenye ndoo na kuwaachia tena. Njiani kurudi tulipita mbele ya nyumba ya A. Jioni tulipopita tena maji yalikuwa ngazi ya pili, na wapangaji wake wamekaa barazani miguu juu, wanatazama.

Maji hayakukatika. Kilichokatika ni gesi, mtungi uliisha sufuria ikiwa nusu njia, na hakuna aliyeniambia niulize mtungi wa akiba. Nauandika hapa kwa atakayesoma: uliza mtungi wa akiba. Msimamizi alikuja na mwingine ndani ya nusu saa.

Kuhusu dipoziti, mwenye nyumba mwenyewe alijitokeza siku ya mwisho akadai kioo cha meza ya sebuleni tumekipasua. Nikafungua video ya kufika. Dakika ya pili, sekunde chache, kinaonekana kidole cha shemeji yangu kwenye ufa na sauti yangu inasema "meza, kioo, ufa wa upande wa dirisha". Akatazama mara mbili. Imerudi yote.

Fundi_Bomba
Safi sana mkuu. Bafu lisilo na maji ya moto alipewa nani?

Mshika_Daftari
Wa kochi.

Kiti_cha_Mbele
Na sikulalamika! Kaka, tazama simu yako.

Mshika_Daftari
Limeingia lote. Ngoja nitafute kalamu, niko ukurasa wa nyuma.